Mkimbiaji au Wanaomfungulia Njia: Timu ya Futiboli ya Kimarekani Ianze na Nani?

Usiku wa tarehe 26 Aprili 2018, mjini Arlington, Texas, timu za ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, zilikuwa zikichagua chipukizi wao kutoka vyuo vikuu, kwa utaratibu wa kila mwaka unaozitanguliza timu zilizofanya vibaya ili nazo zipate kujinyanyua. New York Giants, waliotoka katika msimu wa kushinda mechi 3 na kupoteza 13, walikuwa na zamu ya 2, nao wakamchukua Saquon Barkley wa Chuo Kikuu cha Penn State, mkimbiaji mwenye mapaja kama magogo na miguu inayogeuza mwelekeo bila kupunguza kasi. Zamu nne baadaye, Indianapolis Colts wakamchukua Quenton Nelson wa Notre Dame, ambaye karibu hana siku anayoushika mpira, kwa kuwa kazi yake yote ni kumsukuma mtu aliyesimama mbele yake.

Msimu ulipokwisha, Barkley alikuwa amekimbia na mpira yadi 1,307 na kutawazwa chipukizi bora wa mashambulizi wa ligi nzima, lakini Giants walikuwa wameshinda mechi 5 tu na kupoteza 11. Colts, walioshinda 4 mwaka uliotangulia, walishinda 10 na kuingia katika hatua ya mtoano. Msimu wa 2017 mrusha pasi wao alikuwa ameangushwa chini mara 56 akiwa bado na mpira mkononi. Msimu wa 2018 idadi hiyo ilishuka hadi 18, ambayo ilikuwa ndogo kuliko ya timu nyingine yoyote. Si haki kumpa Nelson peke yake sifa hiyo yote, kwa sababu Andrew Luck, mrusha pasi hodari, alikuwa amerudi baada ya kukosa msimu mzima kwa jeraha la bega, na mzuiaji mwingine chipukizi, Braden Smith, aliingia katika safu hiyo mwaka huohuo. Hata hivyo uamuzi wa usiku ule umebaki kuwa mfano ambao mashabiki huurudia kila wanapobishana juu ya swali hili: timu yenye fedha na nafasi chache imtangulize nani, mkimbiaji anayebeba mpira au wanaume watano wanaomfungulia njia?

Mimi naamini kwamba safu ya mbele ndiyo inayostahili kutangulia. Lakini sababu inayotolewa mara nyingi, kwamba wakimbiaji ni wale wale na yeyote anaweza kuokotwa akafanya kazi, naiona kuwa ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo imewadhulumu watu wengi. Maisha ya Barkley mwenyewe baada ya usiku ule yanaonyesha nusu zote mbili, na nitamrudia.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe, kwa faida ya msomaji aliyezoea soka au raga. Kila upande una wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kuusogeza yadi 10, yaani mita 9 na ushei. Ikifaulu hupewa mengine manne, ikishindwa mpira huwaendea wapinzani. Kila jaribio huanza watu wakiwa wamesimama kimya, safu mbili zikitazamana uso kwa uso, na katikati ya safu ya washambuliaji kuna senta, anayeupitisha mpira kati ya miguu yake na kumpa mrusha pasi, anayeitwa kwotabeki. Kulia na kushoto kwa senta kuna wazuiaji wawili wa ndani, na nje yao wazuiaji wawili wa pembeni. Hao ndio watano tunaowazungumzia. Wengi wao wana uzito wa kilo 140 au zaidi, na sheria haiwaruhusu kupokea pasi ya mbele isipokuwa katika hali maalumu inayotangazwa kwanza kwa mwamuzi. Mkimbiaji husimama nyuma, karibu na kwotabeki, ambaye anaweza kumkabidhi mpira mkononi au kuurusha mbele kwa mpokeaji.

Ukimtazama mwenye mpira, kama sisi sote tunavyofanya tunapoanza kuufuata mchezo huu, utaona ustadi wa mtu mmoja. Jaribu siku moja kuuacha mpira kwa makusudi, uwatazame senta na mzuiaji wa ndani aliye pembeni yake katika sekunde ya kwanza tu. Mbele yao kuna mkabaji mmoja mwenye uzito kama wao. Wote wawili wanamwingia kwa pamoja, bega kwa bega, viganja vikiwa ndani ya kifua chake, wanampiga kumbo hatua moja au mbili kurudi nyuma. Kisha, bila neno, mmoja anambakiza mwenzake na mzigo ule na kuchomoka kwenda kumzuia mkabaji wa safu ya pili, ambaye tayari anakuja mbio. Akichelewa kuchomoka, mkabaji wa pili anaufikia mwanya na mchezo umekufa. Akiwahi kupita kiasi, yule wa kwanza hajatulia bado, na atajipenyeza ubavuni. Uamuzi huo hufanywa na watu wawili wasiotazamana, kwa kuhisiana tu mabega, na ukifanyika sawasawa mkimbiaji hukuta mlango uliofunguka kwa muda wa kupepesa jicho. Yadi za kwanza za mbio nyingi hupatikana hivi, kabla mkimbiaji hajaguswa na mtu.

Ndiyo maana si rahisi kujua sifa ni ya nani. Takwimu huandikwa kwa jina la aliyebeba mpira, na mzuiaji aliyefungua njia haandikiwi yadi hata moja. O.J. Simpson wa Buffalo Bills alipokuwa mtu wa kwanza kuvuka yadi 2,000 katika msimu mmoja, mwaka 1973, alifika mbele ya waandishi wa habari akiwa ameongozana na wenzake wa upande wa mashambulizi, kwa kuwa alijua vyema nani walikuwa wamempa zile yadi 2,003.

Njia nzuri ya kutenganisha sifa hizo ni kutafuta mahali ambapo wakimbiaji walibadilika huku mfumo wa wazuiaji ukibaki uleule, na kwa bahati nzuri historia imetupatia mahali hapo. Ni Denver, chini ya kocha Mike Shanahan na kocha wa safu ya mbele Alex Gibbs. Wazuiaji wa Denver walikuwa wepesi kwa kipimo cha ligi. Hawakutegemea kumsukuma kila mtu nyuma kwa nguvu. Walifundishwa kupiga hatua ya kwanza wote pamoja kuelekea upande mmoja, kila mmoja akilinda eneo na si mtu, hata safu nzima ya wapinzani ikalazimika kunyooka na kuvutika kama kamba. Mahali fulani kamba hiyo hukatika. Mkimbiaji alifundishwa jambo moja: akimbie sambamba na safu akitazama, auone mwanya, akate mara moja kwenda mbele, asicheze-cheze.

Terrell Davis, aliyechaguliwa mwaka 1995 akiwa wa 196, katika raundi ya sita, alikimbia yadi 2,008 msimu wa 1998, na Denver wakatwaa Super Bowl, yaani fainali ya ligi, mara mbili mfululizo. Mwaka 1999 Davis aliumia goti vibaya. Akaingia Olandis Gary, chipukizi wa raundi ya nne, akapata yadi 1,159. Mwaka uliofuata Gary naye akaumia, akaingia Mike Anderson, mwanajeshi wa zamani wa kikosi cha wanamaji aliyechaguliwa katika raundi ya sita, akapata yadi 1,487 na tuzo ya chipukizi bora wa mashambulizi. Clinton Portis alifuata mwaka 2002 na kupata zaidi ya yadi 1,500 kwa misimu miwili, wastani wa yadi 5.5 kila alipokabidhiwa mpira. Hapo Denver wakafanya jambo ambalo wengi waliliona kuwa la ajabu: mwaka 2004 walimpeleka Portis Washington ili wampate beki Champ Bailey. Portis akiwa Washington wastani wake ulishuka hadi yadi 3.8 katika msimu wa kwanza, wakati Denver, wakimtumia Reuben Droughns, walipata yadi 1,240 nyingine kutoka kwa mtu ambaye hakuna aliyekuwa akimtarajia.

Miguu ya Portis haikupotelea ndani ya ndege iliyompeleka Washington. Kilichobadilika ni watu waliokuwa mbele yake.

Lakini hapohapo Denver pana jambo ambalo wanaoupenda mfano huu hulipita haraka. Wakimbiaji wale hawakulingana. Gary alipata wastani wa yadi 4.2 kila alipobeba mpira, ilhali Davis katika msimu wake mkubwa alipata 5.1. Mfumo ulimpa kila mmoja kiasi cha kuanzia, na juu ya kiasi hicho kila mtu aliongeza cha kwake. Mwenye kusema mkimbiaji hana thamani anapaswa pia kueleza yaliyowapata Dallas Cowboys mwaka 1993. Walikuwa mabingwa, wakiwa na safu ya wazuiaji ambayo wengi huihesabu miongoni mwa zilizo bora kabisa kupata kutokea, naye mkimbiaji wao Emmitt Smith akagoma kwa sababu ya mkataba. Walicheza mechi mbili za mwanzo bila yeye, wakapoteza zote mbili. Mwenye timu akakubali kulipa, Smith akarudi, na Dallas wakawa timu ya kwanza kutwaa Super Bowl baada ya kuanza msimu kwa kupoteza mechi mbili. Safu ilikuwa ileile siku zote hizo. Upande wa pili yuko Barry Sanders wa Detroit, ambaye sijaona wa kufanana naye kwa namna alivyoponyoka mikononi mwa watu watatu akiwa amekwisha zingirwa; alikimbia yadi 2,053 mwaka 1997, na katika miaka yake yote kumi Detroit walishinda mechi moja tu ya mtoano. Ukimweka Smith pembeni ya Sanders, unaona kwamba mkimbiaji mkubwa nyuma ya safu nzuri huzaa ubingwa, na mkimbiaji mkubwa zaidi asiye na timu imara huzaa kumbukumbu nzuri.

Swali la kutanguliza, basi, si swali la nani ana kipaji zaidi. Ni swali la bei, la muda, na la kazi ngapi mtu anaweza kuifanyia timu.

Tuanze na muda, kwa sababu hapa ndipo mchezo huu unapokuwa mkatili. Mkimbiaji hupigwa kumbo na watu wazito mara 20 au 25 kwa mechi, mara nyingi magotini, na mwili wake huanza kuchoka akiwa bado kijana. Mwezi Julai 2018 Los Angeles Rams walimpa Todd Gurley, aliyekuwa mchezaji bora wa mashambulizi wa msimu uliopita, mkataba mpya wa miaka minne wenye thamani ya hadi dola milioni 60. Kabla hata msimu huo haujaisha goti lake lilianza kumsumbua. Desemba, Rams wakamsajili C.J. Anderson, mtu aliyekuwa ameachwa na timu mbili katika msimu huohuo, na katika mechi yake ya kwanza akakimbia yadi 167, ya pili 132. Katika mechi ya mtoano dhidi ya Dallas, Januari 2019, Anderson alipata yadi 123 na Gurley 115, wote wawili katika jioni moja, nyuma ya wazuiaji walewale. Machi 2020 Rams walimwacha Gurley, na alicheza mechi yake ya mwisho katika ligi akiwa na Atlanta, umri wake miaka 26. Mzuiaji wa pembeni wa kushoto katika safu ileile ya Rams alikuwa Andrew Whitworth, aliyezaliwa mwaka 1981, miaka 13 kabla ya Gurley. Whitworth aliendelea kuilinda nafasi yake mpaka Februari 2022, Rams walipotwaa Super Bowl, naye akiwa na miaka 40.

Ligi imeligeuza jambo hilo kuwa bei. Iko kanuni inayoiruhusu timu kumzuia kwa mwaka mmoja zaidi mchezaji aliyemaliza mkataba, kwa kumlipa kiasi kinachokokotolewa kutokana na mishahara mikubwa ya nafasi yake. Mwaka 2023 kiasi hicho kilikuwa dola milioni 10.1 kwa mkimbiaji na milioni 18.2 kwa mzuiaji wa safu ya mbele. Barkley alikuwa miongoni mwa wakimbiaji waliowekewa zuio hilo mwaka huo. Hili linaniuma, na sioni haya kulisema: kijana huitumikia timu kwa mkataba mdogo wa chipukizi katika miaka minne au mitano ambayo mwili wake una thamani kubwa kuliko wakati mwingine wowote, halafu anapofika mezani kudai malipo anaambiwa kwamba mwili umekwisha kutumika. Lakini anayepanga timu hawezi kuubadilisha ukweli huo kwa huruma. Kikomo cha mishahara ni kimoja kwa timu zote, na dola iliyokwenda kwa mtu mmoja haiwezi kwenda kwa mwingine.

Kazi ya wazuiaji pia haiishii katika mbio. Katika NFL ya leo, jaribio la kukimbia huleta kidogo zaidi ya yadi 4 kwa wastani, na jaribio la pasi huleta yapata yadi 7, hivyo timu hushinda au kushindwa zaidi kwa mkono wa kwotabeki. Mkono huo unahitaji sekunde mbili na nusu au tatu za utulivu. Wazuiaji ndio wanaozitoa, na wao hushiriki katika kila jaribio, liwe la kukimbia au la kurusha, ilhali mkimbiaji, isipokuwa awe na ustadi wa kupokea pasi kama Christian McCaffrey wa San Francisco, hubaki msaidizi tu mpira unaporushwa.

Sijui kama ipo timu iliyojifunza somo hili kwa uchungu kuliko Kansas City Chiefs. Walitwaa Super Bowl Februari 2020, na miezi miwili baadaye, wakiwa na zamu ya 32 katika kuchagua chipukizi, wakamchukua mkimbiaji, Clyde Edwards-Helaire. Tarehe 7 Februari 2021 walirudi katika fainali dhidi ya Tampa Bay, lakini wazuiaji wao wote wawili wa pembeni, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, walikuwa majeruhi. Waliowahi kuitazama mechi ile hawaisahau. Patrick Mahomes, kwotabeki ambaye dunia nzima ilikuwa ikimsifu, alirudi nyuma yadi 10, 15, 20, akikimbizwa kutoka pembe moja ya uwanja hadi nyingine, akirusha pasi huku mwili wake umekwisha lala hewani sambamba na nyasi. Chiefs walifungwa 31 kwa 9 bila kupata hata tachidauni moja, yaani bao la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja.

Walichofanya baada ya hapo ndicho kinachofundisha. Walimsajili Joe Thuney kwa dola milioni 80 za miaka mitano, wakamchukua Orlando Brown kutoka Baltimore, na katika kuchagua chipukizi wakampata senta Creed Humphrey raundi ya pili na mzuiaji wa ndani Trey Smith raundi ya sita. Msimu ulipoanza, wote watano wa mbele walikuwa wapya. Februari 2023 walikutana katika Super Bowl na Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa imewaangusha makwotabeki mara 70 katika msimu wa kawaida, na usiku ule Mahomes hakuangushwa hata mara moja. Chiefs walishinda 38 kwa 35. Mkimbiaji wao mkuu alikuwa Isiah Pacheco, wa raundi ya saba, aliyekuwa amekwisha mpokonya Edwards-Helaire nafasi yake.

Hata hivyo, nisingependa msomaji adhani kwamba kuchagua mzuiaji ni kama kuweka fedha benki. Wazuiaji nao hushindwa, tena wa zamu za juu. Giants, baada ya Barkley, walijaribu kujirekebisha: mwaka 2020 walimchagua Andrew Thomas akiwa wa 4, akawa mzuiaji mzuri wa kushoto, mwaka 2022 wakamchagua Evan Neal akiwa wa 7, na upande wa kulia haukutulia. Hapa kuna tofauti ambayo hesabu za kawaida haziioni. Mkimbiaji mmoja mzuri anaweza kuitumia nafasi yake peke yake, lakini mzuiaji mmoja mzuri hana faida kubwa ikiwa jirani yake ni dhaifu, kwa sababu mkufunzi wa wapinzani halazimiki kumshambulia aliye imara. Atatazama filamu usiku kucha, amtambue aliye dhaifu, na Jumapili atamletea watu wawili kwa zamu. Msimu wa 2023 makwotabeki wa Giants waliangushwa mara 85, idadi iliyozidiwa na moja tu katika historia yote ya ligi, na katika msimu huo Barkley alipata yadi 962 kwa wastani wa 3.9. Mbio za sakafuni, kama walivyosema wazee wetu, huishia ukingoni.

Kwa hiyo timu inayotanguliza safu ya mbele hainunui mtu mmoja. Inanunua watu watano na miaka ya kuzoeana, na mara nyingi mwalimu ndiye wa kwanza kununuliwa. Eagles walimpata kocha wa safu ya mbele Jeff Stoutland mwaka 2013, na mwaka huohuo wakamchagua Lane Johnson akiwa wa 4. Senta Jason Kelce alikuwa tayari yuko hapo tangu 2011, akitoka raundi ya sita. Mwaka 2018 wakamchukua Jordan Mailata, kijana wa raga kutoka Australia, mwenye urefu wa mita 2 na ushei na uzito wa zaidi ya kilo 150, ambaye hakuwa amewahi kucheza hata mechi moja ya futiboli ya Kimarekani. Alikuwa wa 233, karibu mwisho wa orodha. Alikaa misimu miwili bila kucheza, akifundishwa namna ya kuweka miguu. Landon Dickerson alifika 2021 na Cam Jurgens 2022, wote raundi ya pili, na Jurgens aliandaliwa taratibu kuishika nafasi ya Kelce siku atakapostaafu. Mekhi Becton, aliyekuwa ameshindwa kutulia New York Jets kama mzuiaji wa pembeni, aliletwa na kuhamishiwa ndani.

Ndipo, Machi 2024, Eagles walipomsajili Barkley kutoka Giants, kwa mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 37.75. Msimu uliotangulia mkimbiaji wao D'Andre Swift alikuwa amepata yadi 1,049 kwa wastani wa 4.6, kiasi cha kuheshimika. Barkley alipata yadi 2,005 kwa wastani wa 5.8, tena baada ya Kelce kustaafu. Tofauti hiyo ya yadi 1.2 kwa kila mbio ndiyo sehemu kubwa ya mchango wa mkimbiaji mwenyewe, na anayedai kwamba yeyote angeweza kuipata hajautazama mchezo wa tarehe 19 Januari 2025 dhidi ya Rams, theluji ikianguka Philadelphia mpaka mistari ya uwanja ikafunikwa, Barkley akichomoka mara moja yadi 62 na mara nyingine, robo ya mwisho, yadi 78, hadi kufikisha yadi 205 katika ushindi wa 28 kwa 22. Wazuiaji humfikisha mkimbiaji mpaka safu ya pili. Kutoka hapo hadi mwisho wa uwanja hawana tena la kumsaidia.

Nikiulizwa kosa la Giants lilikuwa nini, kwa hiyo, sisemi walikosea kumthamini Barkley. Walikuwa sahihi kabisa juu yake, na Philadelphia walithibitisha. Walikosea mpangilio: walimleta akiwa na miaka 21, wakamtumia kwa misimu sita nyuma ya safu isiyokamilika, wakapoteza miaka ambayo goti lake lilikuwa zima kabla ya kano yake kukatika mwaka 2020, wakamwachia aondoke wakati ambapo timu nyingine ilikuwa imekwisha jenga kila kitu alichokihitaji. Kama Giants wangekuwa na safu iliyokamilika usiku ule wa Aprili, ningewaunga mkono kumchukua hata akiwa wa 2.

Eagles walifika Super Bowl ya tarehe 9 Februari 2025, tena dhidi ya Kansas City. Chiefs walikuwa wamejiandaa kwa ajili ya Barkley: waliwajaza watu karibu na mstari, na kila alipokabidhiwa mpira alikuta mikono mitatu. Alibeba mara 25 akapata yadi 57 tu, kiasi ambacho katika miaka yake ya New York kingetosha kuandika habari ya kushindwa. Lakini kwotabeki Jalen Hurts, nyuma ya watu watano walewale, alikamilisha pasi 17 kati ya 22, akakimbia mwenyewe yadi 72, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Upande wa pili, Chiefs walikuwa wamelazimika kumhamisha Thuney kutoka ndani kwenda pembeni kushoto kwa kukosa mtu wa nafasi hiyo, na Mahomes aliangushwa mara 6. Philadelphia walishinda 40 kwa 22.